Neno la Arobaini na Moja

Kufika saa tatu asubuhi ya Ijumaa, sikio la kushoto la Atuganile Mwakipesile lilikuwa limeshamwasha mara kumi na saba, na katika hizo kumi na saba hakukuwa na jambo hata moja la maana. Liliwasha akumbuke kwenda kula kwa Mama Kissa wa Idara ya Vipimo, kwa sababu wiki mbili nyuma aliandika kwenye barua pepe, kwa adabu tu, "Nitakuja Ijumaa." Liliwasha akumbuke kumtafutia mkuu wa magari kalamu nyekundu. Kisha kulikuwa na kikumbusho kilichosema, neno kwa neno, "Angalia vikumbusho vyako," na hicho ndicho kilichowasha kuliko vyote.

Mwasho wenyewe haukuwa maumivu; waliobuni programu ya Njuga walilirudia hilo kila walipoulizwa. Ulikuwa tu kama mbu aliyetua nyuma ya sikio akaamua kuhamia na ukoo wake. Kipini kidogo kama punje ya mtama, kilichopachikwa pale mwaka Njuga ilipoletwa kwenye ofisi za umma, kilisoma barua pepe zako na kalenda yako, na popote ulipoahidi jambo kiliweka kikumbusho. Robo saa kabla ya muda ulisikia kengele. Muda ukipita, mwasho. Haukuondoka mpaka ubonyeze kimoja kati ya vitufe vitatu: Tayari, Baadaye, au Mpe Mwingine. Baadaye ilikubali mara tatu, basi. Mpe Mwingine ilishuka tu, kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Na Tayari ilikuwa kiapo. Aliyeibonyeza ilhali jambo halijafanyika alishitakiwa kama mtu aliyesema uongo mahakamani.

Atuganile alikuwa mkuu wa masjala katika Ofisi ya Bwawa la Lusungo, kule milimani Tukuyu. Alianza kazi wakati vikumbusho vyote vya ofisi vilikuwa daftari moja kubwa lenye jalada la kijani. Kila asubuhi alilifungua, akaona faili gani linatakiwa kurudi mezani kwa nani siku hiyo, akalipeleka kwa miguu yake mwenyewe, na daftari halikumwasha mtu. Sasa alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, na kipini hakikutolewa mpaka vikumbusho vyako viishe. Aliwajua wazee waliostaafu navyo. Aliwaona wakijikuna sokoni, wakijikuna ibadani katikati ya sala, wakiwa na ahadi za ofisi ambazo hawakuwa tena na ofisi ya kuzitimizia. Aliapa kwamba yeye ataondoka na sikio jepesi. Jana jioni alikuwa na vikumbusho ishirini na viwili. Asubuhi hii alikuwa na themanini na vitano.

"Shikamoo, mama," alisema Mgaya, meneja wa ofisi, akichungulia mlangoni.

"Marahaba. Umenimwagia tena, meneja."

"Vidogo vidogo tu, mama."

"Sitini na vitatu."

Mgaya alikuwa na miaka thelathini na minane na shati lililonyooka kuliko sera yoyote aliyowahi kuisimamia. Aliingia, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Leo saa tisa wanatangaza ofisi zilizofika vikumbusho sifuri. Nyanda za juu nzima hakuna aliyefika. Tukifika sisi, ni heshima ya sisi sote. Sasa nani atatufikisha kama si wewe? Mimi nikivigusa ninavivuruga."

"Kwa hiyo mimi ndiye jalala."

"Wewe ndiye mama yetu," alisema Mgaya, akaondoka kabla hajajibiwa. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikuita mama ili ushindwe kukataa, kisha akakuachia mzigo na tabasamu.

Atuganile alikunja mikono ya sweta, akaanza. Kwa hasira alikuwa na kasi ya ajabu. Alimpigia simu Mama Kissa, akamwambia ugali ule ahesabu umeliwa, Mama Kissa akacheka akakubali, na kikumbusho kikafungwa kihalali. Salamu ambazo Mgaya aliahidi kuzifikisha, alizifikisha. Pole alizoahidi kuzitoa, alizitoa, na mtu mmoja alipokea pole ya mguu uliokuwa umepona tangu Pasaka. Hadi saa nne na nusu alikuwa amebakiwa na tisa, kisha vinne, kisha kimoja.

Hicho kimoja kilisomeka: *Kutuma fundi wa king'ora, Shule ya Msingi Ndembelo. Aliyeahidi: E. Mgaya. Kimeahirishwa mara tatu.*

*

Fundi mitambo wa bwawa aliitwa Nsajigwa, mtu mrefu aliyezungumza huku akifuta mikono hata kama haikuwa michafu. Atuganile alimkuta chumba cha mitambo akiangalia kipimo cha maji. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Jumanne bila kupumzika.

"King'ora cha Ndembelo kina nini?"

"Kile? Kilipigwa radi mwaka juzi, mama. Kimekufa kabisa. Niliomba vifaa vya kukitengeneza, nikajibiwa."

"Ukajibiwa nini?"

Nsajigwa alimtazama kwa heshima, kisha akaangalia chini. "Nilijibiwa vile wanavyojibiwa wote."

Atuganile hakupenda jibu hilo. Alirudi masjala, akaitafuta Ndembelo kwenye kumbukumbu za barua, akazipanga kwa tarehe kama alivyofundishwa enzi za mafaili. Zilikuwa tano zilizoingia na tano zilizotoka.

Tatu za kwanza zilitoka kwa mwalimu mkuu, Subilaga Kalinga. Aliandika vizuri, bila kulia lia. Alieleza kwamba watoto mia moja na tisini wa shule yake wanaishi ng'ambo ya mto na huvuka kwa kukanyaga mawe, saa nane mchana, shule inapofungwa. Lango la bwawa likifunguliwa, maji huchukua dakika ishirini kufika kwenye mawe hayo, na king'ora ndicho kilichokuwa kikiwaambia wasubiri. Sasa hakilii. Je, ofisi inaweza kukitengeneza? Barua ya pili iliuliza hivyo hivyo. Ya tatu iliuliza kama barua mbili za kwanza zilifika.

Majibu yote matatu yalifanana: *Tumepokea barua yako. Tutalifanyia kazi. A. Mwakipesile, kwa niaba ya Meneja.*

Barua ya nne iliandikwa na mtu mwingine. *Mimi ni Anyosisye Mwaisaka, nakaimu ukuu wa shule. Nasikitika kuwaarifu kwamba Mwalimu Subilaga alisombwa na maji tarehe 11 Aprili akiwa anawarudisha watoto wa darasa la kwanza kutoka kwenye mawe. Watoto wote walipona. Yeye tulimpata siku ya tatu. Tunaomba king'ora.*

Jibu: *Tumepokea barua yako. Tutalifanyia kazi. A. Mwakipesile, kwa niaba ya Meneja.*

Atuganile alilisoma jina lake mara nyingi. Alijaribu kuikumbuka siku hiyo, akashindwa. Alichokumbuka ni redio. Redio ya kaunta ilisema mwalimu mmoja amechukuliwa na mto huko bondeni, na yeye, kikombe mkononi, akasema, "Jamani, maskini," kama wasemavyo watu, akaendelea na chai. Labda barua ile aliijibu baada ya chai hiyo hiyo. Alijichukia kwa namna ambayo hakuwahi kujichukia tangu azaliwe.

Ya tano ilikuwa imeandikwa kwa Mgaya mwenyewe, kwa anwani yake, na Mgaya, kwa haraka au kwa aibu, alijibu kwa maneno yake: *Nitatuma fundi.* Katika majibu matano ni hilo moja tu lililozaa kikumbusho. Yale manne ya Atuganile hayakumwasha mtu yeyote, na sababu yake aliijua vizuri kuliko mtu mwingine nchini.

*

Mwaka wa kwanza wa Njuga ulikuwa kichekesho. Programu haikujua adabu. Mtu akiandika "karibu tena," mwenzake akawashwa arudi. Mtu akiandika "tutaonana," wote wawili wakawashwa waonane. Daktari mmoja aliandika "tupo pamoja" kwa watumishi mia mbili, akalazwa. Ikabidi iundwe Kamati ya Maneno ya Adabu, watu tisa kutoka ofisi mbalimbali, kazi yao kuandaa orodha ya maneno ambayo Njuga itayapita bila kuyashika. Atuganile aliteuliwa kwa sababu alikuwa amejibu barua za serikali kwa miaka ishirini na alizijua zote kwa kichwa.

Walifikisha maneno arobaini. Siku ya mwisho mwenyekiti akauliza kama kuna lililosahaulika. Atuganile akanyoosha mkono, akasema, "Tutalifanyia kazi." Ukumbi mzima ulicheka, kisha ukapiga makofi. Hakuna aliyebisha. Kila mmoja mle ndani aliwashwa na neno hilo usiku na mchana, na kila mmoja alijua kwamba aliyeandikiwa hategemei chochote. Likapita, likapewa namba arobaini na moja, na mbele yake likaandikwa jina la aliyelileta. Tangu hapo ofisi za nchi nzima zililala usingizi mzuri. Alipewa cheti.

Sasa alifungua kalenda ya bwawa. Lango la pili: kufunguliwa leo, saa nane kasorobo mchana. Alihesabu kwa vidole kama mtoto. Saa nane kasorobo na dakika ishirini ni saa nane na dakika tano. Shule inafungwa saa nane.

Alipiga simu ya shule. Haikupatikana. Akapiga ya Mwalimu Anyosisye. Haikupatikana. Mvua ilikuwa imeangusha mnara wa simu wa bondeni tangu juzi, na kilichobaki kupenya ni barua pepe tu, nazo kwa kuchechemea. Akaandika: *HARAKA. Leo maji yatafika kwenye mawe saa nane na dakika tano mchana. King'ora hakitalia. Tafadhali usiruhusu mtoto yeyote avuke. Nijibu.* Akaituma, akakaa akiitazama skrini, akijikuna.

Jibu liliingia saa sita na dakika kumi.

*Tumepokea. Tutalifanyia kazi.*

Atuganile alitoa sauti ambayo mtu wa kaunta aliisikia. Mwanzoni alifikiri mwalimu anamkomoa. Kisha akafungua kumbukumbu za barua za programu, ambazo hazikupitia masjala, akaona kwamba ofisi yake huitumia Ndembelo tahadhari ya maji kila Ijumaa, kiangazi na masika, maji yawepo yasiwepo, na kila Ijumaa shule hujibu maneno hayo hayo. Mwalimu hakuwa anamkomoa. Mwalimu hakuwa amesoma.

Na kwa kuwa jibu lake lilikuwa neno la arobaini na moja, kipini cha nyuma ya sikio lake hakingelia.

*

"Chelewesha lango," alimwambia Mgaya, aliyerudi kutoka kukagua ukuta wa bwawa saa saba kamili. "Nusu saa tu."

Mgaya hakujibu kwa ukali. Alimgeuzia skrini amwonyeshe kina cha maji, na Atuganile, aliyekuwa na miaka thelathini na mmoja pale bwawani, hakuhitaji kuelezwa. Maji yalikuwa shubiri mbili kutoka ukingoni.

"Nikichelewesha nusu saa, ukuta ukapasuka, hatuongelei watoto wa mawe, mama. Tunaongelea vijiji vitatu. Siwezi, na unajua siwezi."

"Basi mtume Nsajigwa na gari."

"Barabara ya Ndembelo imekatika tangu Jumatano. Kwa mguu ni mwendo wa saa tatu." Mgaya alijifuta uso. Kwa mara ya kwanza Atuganile aliona kwamba hata yeye ana hofu. "Umemwandikia. Amejibu. Sasa tumuombe Mungu. Na kile kikumbusho changu cha fundi, mama, ukibonyeze tu Tayari. Nitamtuma wiki ijayo, naapa. Imebaki hicho kimoja ofisi nzima."

"Unaniambia nibonyeze uongo leo? Leo, Mgaya?"

Hakuwahi kumwita kwa jina tupu.

"Ninaweza kuliondoa neno kwenye orodha," alisema Atuganile. "Aliyeliweka ndiye mwenye ufunguo wa kuliondoa. Likitoka, Njuga inazisoma upya barua zote zilizowahi kulitumia. Na hii ya mwalimu ya leo. Itamlilia sikioni kama kengele ya shule."

Mgaya alimtazama kama mtu aliyeambiwa nyumba yake inavunjwa. "Barua zote? Miaka tisa? Nchi nzima?"

"Zote."

"Mama, kaa kwanza. Kaa." Alimvutia kiti, naye hakukaa. "Mimi peke yangu ninazo labda elfu moja. Wewe je? Fikiria nesi ameshika sindano, sikio lipigwe vikumbusho mia nne kwa mkupuo. Fikiria dereva wa lori anashuka mlima. Kuna mtu ataumia, na hutamjua hata jina. Hawa wa Ndembelo angalau hujui kama watavuka. Huenda wanaona mvua wakakaa darasani. Huenda mwalimu ana akili zake."

"Huenda."

"Na wewe una miezi minne. Ukifanya hivyo hicho kipini utazikwa nacho."

Kila alichosema kilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomkera Atuganile kupita kiasi. Angependa Mgaya awe mpumbavu kwa dakika tano tu, ili iwe rahisi. Alifikiria dereva wa lori. Alimfikiria kwa dhati, mpaka akaona mikono yake kwenye usukani. Kisha akafikiria mwanamke aliyeandika barua tatu nzuri bila kulia lia, akasubiri, akaandika ya tatu kuuliza kama mbili za kwanza zilifika.

"Niliwaweka watu wote hawa usingizini mimi," alisema. "Sikuuliza nani ataumia wakati ule. Nilipigiwa makofi."

"Mama—"

"Shika sikio lako, meneja. Na mwambie mkuu wa magari asimamishe magari yetu yote."

Saa saba na dakika kumi akaandika tangazo kwa ofisi zote zenye Njuga: *Wenye kuendesha, simameni. Wenye kushika kisu au sindano, wekeni chini. Saa saba na robo vipini vitawasha vibaya. Kosa ni langu.* Hakujua wangapi wangelisoma. Yeye mwenyewe hakuwa msomaji mzuri wa matangazo.

*

Saa saba na robo aliingiza ufunguo wake. Njuga ikamuuliza sababu ya kuliondoa neno. Kisanduku kilitaka angalau maneno matatu. Akaandika, "Si adabu. Ahadi." Njuga ikakubali.

Mstari wa kijani ulijitokeza chini ya skrini. *Barua zinasomwa upya: milioni tisa. Kuanzia za zamani.*

"Kuanzia za zamani!" Atuganile alipiga meza kwa kiganja. Barua ya mwalimu, ya saa sita na dakika kumi leo, ilikuwa ya mwisho kwenye foleni ya miaka tisa. Akatafuta kitufe cha kugeuza mpangilio. Hakikuwapo. Akabonyeza Msaada, na Msaada ukamwambia asante kwa swali lake, litafanyiwa kazi.

Asilimia kumi saa saba na dakika ishirini na tano. Kutoka kaunta alisikia mtu akisema "aa!" kisha "aaa!" kisha kiti kikaanguka. Asilimia ishirini na tano. Sikio lake mwenyewe lilianza, na halikuanza na mbu. Lilianza kama upupu uliomwagwa kwa konzi. Kisima cha Ikama, alichoahidi mwaka wa kwanza. Mjane aliyeomba nakala ya hati. Uzio wa bwawa upande wa zahanati. Vikumbusho vilipandana kwenye skrini haraka kuliko alivyoweza kuvisoma, na kila kimoja kilikuwa na jina la mtu aliyesubiri. Mia moja. Mia tatu. Mia sita na kumi na moja. Alishika ukingo wa meza, akauma mtandio wake, akaendelea kuangalia mstari wa kijani.

Mgaya alikuwa amekaa sakafuni koridoni, kichwa katikati ya magoti, shati limekunjamana. Mama Kissa alipita akilia waziwazi. Nsajigwa peke yake alisimama mlangoni, mkono sikioni, na uso wake haukuwa na hasira.

"Nimepata kimoja tu," alisema. "Mimi huwa nafanya au nasema siwezi."

"Lango?"

"Limefunguka sasa hivi, mama. Nimelisikia."

Saa nane kasorobo. Asilimia sabini na nane.

Hakuna kilichobaki kufanya, na kukaa bure kulimuuma kuliko kipini. Alijaribu tena simu. Alijaribu tena barua: *MWALIMU SOMA*. Asilimia themanini na tano. Aliilaani Njuga, akamlaani mwenyekiti wa kamati, akailaani mikono iliyopiga makofi, akafika kwake mwenyewe na hapo hakuharakisha. Asilimia tisini na tatu. Saa nane kamili. Huko Ndembelo mtu alikuwa anagonga kengele, na watoto walikuwa wanavaa mifuko mgongoni.

Saa nane na dakika mbili mstari ulijaa, na Njuga ikamwonyesha Atuganile, kwa kuwa ndiye aliyeahidiwa:

*Anyosisye Mwaisaka. Kuzuia watoto wasivuke mto. Kikumbusho kimefika.*

Mara ukatokea mwandiko mwingine: *Baadaye.*

"Hapana," alisema Atuganile. "Hapana, wewe!"

*Baadaye*, mara ya pili. Bila shaka mtu huyo alikuwa amepigwa na mambo mia kwa mara moja, anabonyeza tu ili apate nafuu, kama ambavyo yeyote angefanya. *Baadaye*, mara ya tatu. Sasa Njuga haikumwachia njia. Saa nane na dakika tatu. Nne. Ilitakiwa asome.

Kwenye skrini pakawa kimya. Saa nane na dakika tano ilipita, ikapita ya sita, na jina la Anyosisye Mwaisaka lilibaki jekundu pale pale. Nsajigwa alivua kofia bila kujua anaivua.

*

Simu ilikuja saa nane na dakika ishirini na saba, kwa namba wasiyoijua. Ilikatika mara mbili. Ya tatu ikashika.

"Nani hapo? Nani Mwakipesile?" Sauti ya mwanamume, inahema. Nyuma yake kulikuwa na muungurumo mzito, na juu ya muungurumo, sauti za watoto, nyingi, zote zikiongea kwa pamoja.

"Ni mimi, Mwalimu. Watoto—"

"Nimepanda mpaka kwenye kilima kupata mtandao. Watoto ninao. Nimewahesabu mara mbili." Akahema. "Wanne walikuwa wameshafika jiwe la kati. Nimeingia mwenyewe kuwatoa, viatu vimekwenda na maji. Sikio langu linawaka moto, mama, sijui limefanywa nini, sikuweza kuona, sikuweza kufikiri, ikabidi nisome ili linyamaze. Ndipo nikaona."

Atuganile alikaa. Alisema asante, bila kujua kama ni kwa Mungu au kwa mwalimu. Nsajigwa alikuwa ameshaelewa. Alikuwa amegeukia ukuta na mabega yake yalitikisika.

"Ni ninyi mliofanya hivi?" aliuliza mwalimu. "Huu mwasho?"

"Ni mimi. Kuna neno lilikuwa linazuia vikumbusho. Nimeliondoa."

"Umeliondoa vipi? Ulihitaji kibali? Ilikuchukua muda gani?"

"Hapana, Mwalimu. Ufunguo ni wangu. Ni kuandika maneno matatu tu."

Muungurumo wa maji ulijaza simu. Atuganile alidhani laini imekatika tena, mpaka aliposikia mtoto karibu na simu akiuliza kama wanaweza kwenda nyumbani, na mwalimu akimjibu kwa upole asubiri kidogo, anaongea na mtu wa ofisini.

Kisha akarudi, na upole ule haukurudi naye.

"Kwa hiyo hata Aprili," alisema. "Kabla ya Mwalimu Subilaga. Ungeweza."

Atuganile alikuwa amejibu barua kwa miaka thelathini na mmoja. Alijua namna mia moja za kulijibu swali kama hilo pasipo kulijibu.

"Ndiyo, Mwalimu," alisema. "Ningeweza."